Kipenga na Mstari Mwekundu

Chati ilibandikwa Jumatatu asubuhi kwenye mlango wa ofisi ya kamati ya waamuzi, na kabla ya saa sita mchana kila aliyewahi kupuliza filimbi katika ligi ile alikuwa ameshaisoma au ameshasomewa. Juu kabisa, kwa rangi ya kijani, lilikaa jina la Trafiki. Chini kabisa, kwa rangi nyekundu, lilikaa jina la Kipenga.

Watu walicheka. Halafu wakaacha kucheka, kwa sababu chati ilikuwa na muhuri.

Trafiki alipewa jina hilo na mashabiki kwa vile alichezesha mechi kama askari wa barabarani. Alisimama kwenye duara la katikati, mkono mmoja juu, mwingine ukielekeza, na wachezaji wakapita kulia na kushoto kwake kama magari. Alikuwa na kitambi cha heshima, sauti ya mlango mzito na roho isiyo na haraka. Kwa misimu mingi hakuna aliyemwona akivuka nusu uwanja isipokuwa akielekea chumba cha kubadilishia nguo.

Kipenga alikuwa mwanamke wa miaka arobaini na miwili, mkavu, wa miguu mirefu na maneno machache. Mpira ulipoangukia, yeye alikuwa ameshafika. Mashabiki walimtukana macho, walimtukana ndoa, walimshauri arudi jikoni, lakini hata mlevi wa jukwaa la nyuma hakuwahi kumwambia kwamba alikuwa mbali.

Sasa chati ilisema kwamba Trafiki ndiye mwamuzi mwenye afya kuliko wote, na Kipenga ni mgonjwa.

Mambo yalianza na mikanda. Msimu huo kamati iliwanunulia waamuzi wote mikanda ya kifua, ile inayovaliwa chini ya jezi na kupima mapigo ya moyo, pamoja na saa za mkononi za kuonyesha namba. Kila mechi ilipoisha, namba zilikwenda zenyewe kwenye kishikwambi cha mkufunzi wa viungo, kijana mwenye shahada na kola safi, aliyeamini kwamba kisichopimwa hakipo. Mkufunzi alichukua mia mbili na ishirini, akatoa umri wa kila mtu, na kilichobaki akakifanya mstari mwekundu. Aliyeuvuka alihesabiwa yuko hatarini. Mstari wa Kipenga ulikuwa mia moja sabini na nane. Katika mechi tatu mfululizo moyo wake ulikuwa umepanda hadi mia moja tisini na kitu. Trafiki, mwenye miaka arobaini na mitano, hakuwa amewahi kufika hata mia moja na thelathini. Kwa hesabu hiyo, hakukuwa na cha kubishana.

Chini ya chati kulikuwa na sentensi moja iliyompata Kipenga sawasawa. Aliye mwekundu angepewa nafasi hadi siku ya mtihani wa viungo wa mwaka, na akivuka tena mstari siku hiyo, angeondolewa kwenye orodha ya waamuzi kwa sababu za kiafya. Kila mtu alijua maana yake. Kanuni ilistaafisha waamuzi wakiwa na miaka arobaini na saba. Mwenye arobaini na miwili akitolewa kwenye orodha, harudi.

Alisoma mara moja, akasema asante bila kumlenga mtu, akaenda kazini.

Kazi yake ya mchana ilikuwa ukaguzi wa mizani. Alizunguka sokoni na madukani na kasha la mawe ya shaba, akiweka jiwe la kilo juu ya mzani wa muuzaji na kutazama mshale unasema nini. Miaka kumi na minane ya kazi hiyo ilikuwa imemfundisha jambo moja kuhusu binadamu: mzani unaosema asichopenda mtu huitwa mbovu, na unaomdanganya kwa faida yake huitwa mzuri. Siku hiyo muuza misumari alimwapia kwamba mzani wake umelogwa. Kipenga alimwambia kwamba ukaguzi wa uchawi uko idara nyingine, akafunga mzani kwa waya, akapiga lakiri.

Alipofika nyumbani, habari ilikuwa imemtangulia. Mumewe alikuwa kinyozi, na kinyozi hapitwi. Kibanda chake kiliungana na sebule kwa mlango mmoja, kwa hiyo maradhi ya Kipenga yalikuwa yameshajadiliwa na vichwa vyote vilivyonyolewa tangu mchana. Mmoja alishauri kitunguu saumu, mwingine alishauri kulala chali, wa tatu alisema wanawake wameumbwa na moyo mdogo kama wa ndege, ndiyo maana unadunda upesi. Huyo wa tatu mume alimwacha na upande mmoja wa kichwa bila kunyolewa hadi alipoomba radhi.

“Mkanda ni mbovu, mama watoto,” mume alisema akipangusa mashine. “Wamenunua vya bei poa. Waambie wakupe mwingine, basi.”

Mama yake Kipenga aliishi nao. Alikuwa amekaa kwenye kiti chake kando ya dirisha, akitia uzi kwenye sindano, na uzi ulikuwa unamkataa. Kila mtu ndani ya nyumba ile alijua anawaza nini. Kaka yake Kipenga, kifungua mimba wa mama, alianguka akifunga duka lake, ufunguo ungali ndani ya kufuli. Alikuwa na miaka arobaini na mitatu. Walisema ni moyo.

Asubuhi iliyofuata viatu vya kukimbilia havikuwepo. Kipenga alitafuta chini ya kitanda, nyuma ya mlango, juu ya kabati, kisha akamwendea mama yake, ambaye alijifanya amelala ilhali ameketi.

“Mama, viatu.”

“Viatu gani?”

“Ulivyokalia.”

Mama alikataa kunyanyuka. Kipenga hakubishana. Alivaa viatu vya mumewe, vilivyompwaya kama mitumbwi, akajaza matambara mbele, akatoka. Aliporudi, viatu vyake vilikuwa kizingitini, na mama alikuwa amegeukia ukutani.

Jioni hiyo alimchukua mumewe nyuma ya nyumba, kwenye uchochoro mrefu kati ya kuta mbili, akamkabidhi saa na kumwagiza atazame sekunde. Alikimbia kwenda na kurudi kwa nguvu zake zote mpaka namba ya mkanda ikapanda. Akasimama ghafla, akaweka vidole viwili shingoni, akahesabu mapigo mwenyewe. Akarudia. Akabadilishana mkanda na mumewe, ambaye alikimbia mara moja tu na kudai kwamba ameona mababu zake. Kila mara hesabu ya vidole na hesabu ya mkanda zilikaa pamoja, zikipishana kwa pigo moja au mawili.

“Mkanda ni mzima,” alisema.

“Basi mbovu ni wewe?” Neno lilikuwa limeshamtoka. Mume alitamani kulirudisha, akakohoa.

“Hilo bado hatujalipima,” alisema Kipenga. Akaenda kutafuta miadi kwa daktari wa moyo. Akapewa ya wiki mbili mbele.

Katika wiki hizo mbili alikuwa na mechi moja. Siku mbili kabla yake Trafiki alikuja kunyolewa, akaketi kwenye kiti cha kibanda kama chifu, akamwita Kipenga aje mlangoni. Alimwita shemeji kwa sababu alimhesabu kinyozi kuwa ndugu.

“Shemeji, mimi nakupenda, ndiyo maana nakwambia. Unaufukuza mpira, umekukopa nini? Simama. Waache wao wakimbie, ndio wanaolipwa pesa nyingi. Wewe ukiwa mbali unaona uwanja wote. Mimi naona mpaka nani anauza karanga.”

“Na mpira?”

“Mpira nao nauona. Mara kwa mara.”

Kinyozi alicheka hadi akasimamisha mashine. Lakini baadaye, walipobaki wawili, alimwomba mkewe amsikilize Trafiki kwa mechi hiyo moja tu, mpaka daktari aseme. Alisema kwa sauti ya chini, bila utani, akitazama mlango wa sebule ambako mama alikuwa ameketi. Kipenga alitafakari. Ushauri ulikuwa na mantiki: mpaka ujue kitu ni kizima, usikikazie. Akakubali.

Akaiweka saa itetemeke kila moyo ukikaribia mstari. Kipindi cha kwanza kilikwenda vizuri, ikiwa vizuri maana yake ni kutopatwa na jambo. Kila saa ilipotetemeka, alipunguza mwendo. Alianza kutazama mkono wake kuliko kutazama mpira. Karibu na mwisho wa mchezo, timu ya wageni ikatoka na mpira mbio kutoka kwenye kona, pasi ndefu, mshambuliaji amechomoka, beki mmoja anamfukuza. Kipenga alianza kukimbia. Saa ikatetemeka. Akatii.

Kwa hiyo alikuwa nusu uwanja nzima nyuma ya tukio wakati beki alipoteleza na mshambuliaji akaenda chini ndani ya boksi. Alichoona ni miguu minne na vumbi. Kibendera wake wa pembeni alikuwa amezibwa na wachezaji wawili. Alipuliza, akaonyesha penalti, na penalti ikawa bao la pekee la mechi.

Beki yule alikuwa jitu la mtu, lenye kovu kwenye nyusi, na Kipenga alimngojea aje na matusi. Hakutukana. Alikuja polepole, mikono nyuma, akasimama mbele yake.

“Refa,” alisema, “ulikuwa wapi?”

 Jioni kila mtu mwenye simu alikuwa ameshaona picha: beki aligusa mpira, safi, wala mguu wa mshambuliaji hakuusogelea. Katika kibanda cha mumewe waliirudia hadi kinyozi akawafukuza wateja na kufunga mapema.

Kipenga alikuwa amewahi kukosea. Kila mwamuzi hukosea. Lakini makosa yake ya zamani yalikuwa ya jicho, na jicho halina hatia likiwa mahali pake. Hili alilitenda kwa miguu yake mwenyewe, kwa makusudi, akiwa na saa mkononi. Usiku huo aliufungua mkanda wa saa, akamwambia mumewe kwa utulivu kwamba hatachezesha tena mechi yoyote kwa mwendo wa Trafiki. Daktari akisema moyo ni mbovu, filimbi anaitundika siku hiyohiyo na hamlaumu mtu. Akisema ni mzima, atakimbia, na kamati ifanye itakavyo. Cha katikati hakitaki tena.

“Na mama?” mume aliuliza.

“Mama namwambia mwenyewe.”

Daktari wa moyo alikuwa mwanamama wa makamo, mwenye miwani iliyofungwa kwa kamba na mikono baridi. Alimwuliza Kipenga kama ameshawahi kuzimia, kama kifua humbana anapopanda ngazi, kama moyo humruka bila sababu akiwa amekaa. Aliuliza sana kuhusu kaka, na Kipenga alimjibu anachokijua, kwamba marehemu hakuwa amewahi kupimwa hata mara moja katika maisha yake, kwamba alivuta sigara kuanzia asubuhi na aliyaita maumivu ya kifua gesi. Daktari akaupiga moyo picha, akautazama ukifunguka na kujifunga kwenye kioo kama mdomo wa samaki. Kisha akambandika nyaya kifuani, akampandisha kwenye mashine ya kukimbilia, akaanza kuongeza kasi na mwinuko.

Mapigo yalipopita mia moja sabini na nane Kipenga alimtazama daktari. Daktari alikuwa anatazama mistari, si namba.

“Unajisikiaje?”

“Kama ninakimbia.”

“Basi kimbia.”

Alikimbia mpaka miguu ikakataa kabla ya moyo. Namba ya mwisho ilikuwa mia moja tisini na nane. Daktari alimlaza, akamtazama mapigo yakishuka, nayo yalishuka upesi kama watoto wanaotoka darasani. Akatoa miwani.

Moyo wako ni mzima, alisema, na tena una nguvu kuliko wa wengi wanaokuja hapa. Kuhusu ile mia mbili na ishirini kutoa umri, hiyo ni wastani. Wapo wa umri wako wanaoishia mia moja sitini na tano, wapo wanaofika mia mbili, na wote wazima. Wastani unakwambia habari za kundi, haukwambii habari za mtu.

“Ni sawa na kusema wastani wa viatu vya watu wazima ni namba arobaini,” aliendelea. “Wewe unavaa ngapi?”

“Arobaini na mbili.”

“Sasa nikukate vidole?”

Halafu akawa mkali. Alimwambia kwamba siku atakayohisi kifua kinabana, au giza linamjia, au moyo unapapatika ovyo bila mpangilio, asimame hapohapo, hata kama mpira uko mstarini, na aje. Na kila mwaka arudi apimwe, kwa ajili ya kaka. Kipenga akaahidi, na alikuwa mtu wa kutimiza. Daktari akampigia simu mwenyekiti wa kamati mbele yake, akamweleza yote kwa dakika kadhaa, akamtaka aulize maswali. Mwenyekiti hakuwa na maswali.

Alikuwa na mashaka tu, na mashaka yake aliyapeleka kwa mkufunzi. Mkufunzi alimwita Kipenga kwenye chumba cha vifaa, kati ya nyavu zilizokunjwa na mipira iliyopungua upepo.

Hakuwa mtu mbaya, na Kipenga alilijua hilo. Alimweleza kwa uso mzito kwamba chuoni mwanafunzi mwenzake alianguka uwanjani mbele ya macho yao, na hakuna aliyekuwa amempima lolote. Tangu siku hiyo aliapa hatamwacha mtu aanguke kwa uzembe. Kipenga alimsikiliza hadi mwisho. Alimwambia pole, na alimaanisha. Kisha akamwuliza kama amesikia alichosema daktari.

“Nimesikia, dada. Shida ni mtambo. Mtambo unapokea umri tu. Hauna mahali pa kuandika kwamba huyu mtu ana lake.” Alitazama mlango, akashusha sauti. “Ila kuna njia. Nikikuandika una miaka ishirini na miwili, mstari wako unakuwa mia moja tisini na nane. Hautalia. Hakuna atakayejua.”

 Wenye maduka walikuwa wamemwambia Kipenga maneno hayohayo kwa namna nyingi: sogeza kidogo tu hapa, mkaguzi, nani atajua.

“Mimi nina binti wa miaka ishirini,” alisema. “Unataka nimzae nikiwa na miwili?”

Kijana alicheka bila kupenda.

“Umri wangu ni huo ulioandikwa,” Kipenga aliendelea, “na mapigo yangu ni hayo yaliyoonekana. Namba zote mbili ni za kweli. Cha uongo ni huo mstari wako. Sasa kwa nini nibadilishwe mimi?”

“Ukilia siku ya mtihani nitalazimika kukutoa.”

“Utaita, nami nitasikia. Lakini kanuni ya mtihani naijua. Anayeshindwa kufika kwenye alama kabla ya filimbi ndiye anayetoka. Mimi nikishindwa kufika, nitatoka. Nikifika, itabidi uingie uwanjani unikamate kwa mikono, mbele za watu, na useme kwa nini.”

Alimuaga na kumtakia mchana mwema.

Mazungumzo na mama yalikuwa mengine. Kipenga alimwambia yote, na maonyo ya daktari hakuyaficha. Mama alisikiliza akikunja na kukunjua kitambaa. Alisema madaktari nao ni watu. Alisema marehemu naye alionekana mzima. Kipenga alijibu kwamba marehemu alionekana tu, hakupimwa, na hiyo ndiyo tofauti, na kama angepimwa pengine wangekuwa wote watatu sebuleni. Lilikuwa neno gumu kumwambia mama. Mume alitoka akaenda kufagia nywele ambazo alishazifagia.

Mama aliweka kitambaa magotini.

“Siku hiyo nakuja,” alisema hatimaye. “Sitakaa hapa kusubiri mtu aje kuniambia. Mara moja ilinitosha.”

Siku ya mtihani alikuja kweli, na mwavuli wa jua na kiti cha kukunja, akaketi nyuma ya uzio pamoja na kinyozi. Waamuzi ishirini na wawili walijipanga. Mtihani ulikuwa mizunguko kumi: kukimbia upande mrefu wa uwanja, kutembea upande mfupi, kukimbia tena, filimbi ikiamua muda. Mkufunzi alisimama katikati na kishikwambi chake, ambacho kingelia kila mtu alipovuka mstari. Mwenyekiti, mwamuzi mstaafu mwenye goti bovu, aliketi kivulini na kofia usoni.

Mzunguko wa kwanza ulikuwa kimya. Katika wa pili kishikwambi kililia, na vichwa vyote vikamgeukia Kipenga. Hakuwa yeye. Alikuwa Trafiki, ambaye kwa mara ya kwanza msimu huo alikuwa amekimbia. Alifika kwenye alama baada ya filimbi, akasimama, akajishika kiuno, akatembea taratibu kwenda kukaa kwenye nyasi.

“Mimi nimetii sheria,” alitangaza akihema. “Nimetoka kijani moja kwa moja mpaka benchi.”

Katika mzunguko wa nne kililia tena, na safari hii alikuwa Kipenga. Mkufunzi akainua mkono, akaita namba yake. Kipenga alisikia vizuri kabisa. Alipita mbele yake mita chache tu, macho mbele, pumzi zikitoka kwa mpangilio, akafika kwenye alama filimbi ikiwa bado haijalia. Mkufunzi akaita mara ya pili kwa sauti kubwa zaidi.

“Acha kilie,” Kipenga alimjibu alipopita tena. “Ndiyo kazi yake.”

Kijana alisogea hatua mbili kuelekea njia ya wakimbiaji, akasimama. Hakuwa na kadi ya kumwonyesha mwamuzi. Nyuma ya uzio mama alikuwa ameinamisha mwavuli ukamfunika uso, na kinyozi alikuwa amemshika kiwiko.

Katika mzunguko uliofuata kikalia kwa mtu mwingine. Alikuwa kibendera mmoja, mwalimu wa hesabu wa sekondari, mwanamume wa miaka arobaini asiyejulikana kwa ubishi. Aliposikia namba yake alipunguza mwendo. Akamtazama Kipenga mgongoni, akaonekana kufikiri, akaongeza tena.

“Wastani, bwana,” alimwambia mkufunzi akipita. “Huo ni wastani tu.”

Kufikia mzunguko wa saba kishikwambi kilikuwa hakinyamazi. Kililia kwa mwalimu, kwa Kipenga, kwa dada mmoja wa kutoka timu ya vibendera, kwa kijana mwembamba ambaye kila mtu alimhesabu kuwa bingwa wa mwaka. Kila kilipomlilia mtu, alimtazama aliyekuwa mbele yake, ambaye naye alikuwa ameshaliliwa, akaendelea. Mkufunzi aligeuka huku na huku kama mtu aliyeachiwa watoto wa wenzake. Mwishoni alimkimbilia mwenyekiti kivulini, akamwonyesha kioo kilichojaa wekundu, akamwuliza afanye nini. Kama angewatoa wote, ligi ingebaki na zaidi kidogo ya nusu ya waamuzi.

Mwenyekiti alitoa kofia usoni. Aliwatazama wakimbiaji kwa jicho la mtu aliyewahi kukimbia, akitafuta anayeyumba, anayeburuza mguu, mwenye midomo iliyobadilika rangi. Hakumwona.

“Zima hilo dude,” alisema.

“Mzee, akianguka mmoja?”

“Basi watazame wao. Ukitazama kioo utamwonaje akianguka?”

Mizunguko mitatu ya mwisho ilikwenda kwa filimbi peke yake. Kumi na tisa walimaliza. Kipenga alimaliza wa nne, akatembea mikono kichwani hadi pumzi zikarudi nyumbani, kisha akaenda kusimama mbele ya kivuli cha mwenyekiti bila kuitwa.

Mwenyekiti alikuwa ameshapata njia yake ya kujikinga. Alimwambia kwamba amefaulu, hilo halina ubishi, na jina lake litabaki kwenye orodha, ila kwa usalama wa kamati atie sahihi kwamba lolote likimpata uwanjani ni juu yake mwenyewe.

“Walioliliwa leo tuko wangapi?” Kipenga alimwuliza mkufunzi.

“Tisa, pamoja na wewe.”

“Wote tisa wanatia sahihi?”

Mwenyekiti alisema hapana, ni yeye tu, kwa kuwa kesi yake ndiyo iliyofika mezani.

“Basi sitii. Wakitia wote, na wale wa kijani pia, nami nitatia wa kwanza. Mimi ndiye pekee hapa aliyepimwa na daktari. Kama kuna mtu wa kutiliwa mashaka leo, tuanze na wasiopimwa.”

Mkufunzi alikuwa ameinamia kioo kilichozimwa. Alisema, bila kumtazama mwenyekiti, kwamba dada ana hoja, na kwamba pengine pesa ya mikanda ya msimu ujao ingefaa kuwapeleka watu wote kwa yule daktari. Mwenyekiti alikuna goti lake bovu. Hakupenda kukosolewa na watu wawili kwa wakati mmoja, lakini alipenda zaidi kwenda kula.

“Jumamosi una mechi,” alimwambia Kipenga. “Ile ya wapinzani wa jadi. Na yule beki uliyemwonea yumo.”

“Vizuri. Nina neno la kumwambia.”

Alikwenda kwenye uzio. Mumewe alikuwa na taulo mkononi na maneno mengi mdomoni, akiwaeleza waliokuwa karibu kwamba yeye mwenyewe ndiye aliyemfanyia mazoezi. Mama alikuwa amekunja mwavuli. Alimtazama binti yake kuanzia juu hadi kwenye viatu, vile vya kwake, vyenye vumbi.

“Ile kelele ya kile kidude,” aliuliza, “ndiyo moyo wako?”

“Ndiyo, mama.”

“Mbishi kama mwenyewe.” Akanyoosha mkono kupitia kwenye uzio, akampangusa jasho la kidevu kwa ncha ya kitambaa, kwa nguvu, kama anayefuta meza. “Jumamosi pia nakuja. Na nikikuona umesimama mbali na mpira, wa kwanza kukuzomea ni mimi.”

“Tiketi ukate mwenyewe,” alisema Kipenga. “Ndugu wa refa haingii bure.”